Hizi promposali za Marekani zitatuua wazazi, binti kashakubali kwenye meseji bado nalipia maigizo!!

Wakuu poleni na majukumu. Niko Texas mwaka wa 12 huu nabeba boksi kama wengine, leo nimekuja kulia hapa maana nikilia kazini watanicheka.

Dogo wangu yuko mwaka wa mwisho haiskuli. Huku ikifika Aprili Mei kuna promu, lile dansi la kumaliza shule, madogo wanavaa suti na magauni, hiyo sina neno. Tatizo siku hizi huwezi kumwambia binti twende wote akasema poa yakaisha. Lazima umuombe kwa mbwembwe, ndo wanaita promposali, mabango, maputo, maua, swali limeandikwa ndani ya kifuniko cha boksi la piza, wengine mpaka mbwa anavalishwa kibao shingoni masikini ya Mungu, na pembeni lazima awepo mshkaji na simu anarekodi, bila video ni kama hujaomba.

Sasa Jumamosi natoka shifti ya usiku, saa moja asubuhi nafungua mlango nakuta glita kwenye zulia, glita kwenye kochi, glita kwenye sufuria la ugali!! Mezani donati dazeni mbili na mabango matatu, la kwanza kakosea herufi, la pili maka peni imevuja, la tatu ndo lenyewe. Kuangalia kadi yangu, dola 140 zimeondoka. Nikamuuliza kwa upole kabisa, sasa mwanangu na akikukatalia? Akanijibu bila hata kupepesa, "Baba hawezi kukataa, alishakubali kwenye meseji wiki mbili zilizopita, rangi ya maputo kachagua mwenyewe."

KACHAGUA MWENYEWE. Yaani hela yangu imenunua swali ambalo jibu lake lipo kwenye simu tangu wiki mbili nyuma.

Na hapo afadhali huyo anajua. Kuna wanaoviziwa katikati ya kantini, watu wote wamesimamisha simu juu, hebu niambieni huyo binti hapana ataitolea wapi? Mi nina binti pia, yuko darasa la saba, nikifikiria hiyo siku tumbo linauma.

Msidhani ni mwanangu tu kadeka. Mwaka 2015 Visa, ile kampuni ya kadi za benki, waliuliza wazazi wakakuta wastani ni dola 324 za kuombea tu, kati ya 919 za promu nzima. Na hapa Texas tuna balaa la ziada, kwenye dansi lingine la shule, la msimu wa futiboli ya Kimarekani, binti anavalishwa kifuani liua kubwa la bandia wanaita mamu, riboni mpaka magotini, vidubu, kengele, anatembea analia ngling ngling kama mbuzi wa mnada. Hilo nalo nililipa.

Basi nikamkalisha dogo nimpe somo, sisi wenzako tulituma mshenga na barua ya posa kwenye bahasha, heshima, hakuna puto. Mama yake akadakia kutoka jikoni, "Kwani siku mshenga wako anabisha hodi kwa baba, wewe jibu langu ulikuwa hulijui?"

Dogo kacheka mpaka kamwaga glita iliyobaki.

Suti ya kukodi na tiketi bado, karatasi kaibandika kwenye friji na jumla kapigia mstari. Wazazi wa huku mnafanyaje, mnaficha kadi au mnalipa tu?