Nimezoea bourbon: je, single malt ya kuanzia huonjwaje?

Mkaazi wa Louisville

Wakuu, naomba mwongozo wenu. Ninaishi Louisville, Kentucky, na kwa muda mrefu kinywaji changu cha Jumamosi jioni kimekuwa bourbon, yaani wiski ya Kimarekani, hasa Wild Turkey 101. Hivi karibuni nilizawadiwa chupa ya Glenfiddich ya miaka 12, ambayo wengi huanza nayo wanapoingia kwenye wiski za Uskoti ziitwazo single malt. Nilimimina kidogo bila barafu. Rangi yake ni dhahabu iliyofifia, na puani nilipata pea lililoiva na tufaha bichi, lakini mdomoni niliiona nyepesi, na ladha ikatoweka kabla sijaielewa. Ule utamu wa vanila na sukari iliyoungua niliouzoea upo kwa mbali sana. Ningependa kujua tofauti hii inatokana na nini, na kama ipo namna ya kuionja itakayonifaa zaidi.

Fundi Mapipa

Ndugu, anza na kilichoandikwa kwenye lebo. Wild Turkey 101 ina kileo cha asilimia 50.5, ilhali Glenfiddich hiyo kwa kawaida huwa na asilimia 40, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa kwa wiski ya Uskoti. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wepesi unaousikia haitokani na Uskoti wala na shayiri. Inatokana na maji. Ukitaka kulinganisha kwa haki, tafuta bourbon ya asilimia 40 uiweke kando yake.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa, ni pipa. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikae katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, na ule mwaloni uliochomwa ndio unaotoa vanila, sukari iliyoungua na ile rangi nyekundunyekundu. Pipa hilo haliwezi kutumika tena kwa bourbon, hivyo mengi huuzwa Uskoti. Glenfiddich ya miaka 12 hukomaa katika mapipa yaliyowahi kubeba bourbon na mengine yaliyobeba mvinyo wa sheri wa Hispania. Maana yake ni kwamba vanila nyingi ya pipa ilikwisha kunyweka huko kwenu Kentucky kabla Mskoti hajalijaza. Ongeza na hali ya hewa: joto la kiangazi cha Kentucky huisukuma pombe ndani ya mbao kwa nguvu, wakati baridi ya Uskoti huifanya kazi hiyo polepole. Ndiyo sababu umri wa chupa hizi mbili haupimwi kwa mizani moja.

Binti wa Rombo

Niongeze kuhusu nafaka, kwa sababu mapipa yamekwisha kuelezwa vizuri. Bourbon lazima iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, na mahindi ndiyo yanayoleta ule utamu mzito. Single malt hutengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake, katika kiwanda kimoja, na hukenekwa kwenye vyungu vya shaba. Waliokulia Kilimanjaro wanaijua harufu ya kimea cha ulezi wakati mbege inaandaliwa. Tafuta jamaa ya harufu hiyo kwenye bilauri yako, chini ya matunda, utaikuta.

Kuhusu kuonja, tumia bilauri yenye mdomo mwembamba, iache itulie dakika kumi hivi, kisha unuse huku mdomo ukiwa wazi kidogo. Onja wiski ya Uskoti kwanza na bourbon baadaye, usigeuze, kwa maana bourbon yenye nguvu huufunika ulimi na chochote kinachofuata kitaonekana maji. Tone moja au mawili ya maji pia husaidia kufungua harufu.

Mzee wa Bandarini

Bibie, katika yote uliyosema ninapingana nawe kwenye maji tu. Chupa ya asilimia 40 imekwisha kupunguzwa kiwandani. Kuiongezea maji mtu ambaye tayari anailalamikia kwa wepesi ni kumwonea. Maji yahifadhiwe kwa ajili ya chupa kama Ardbeg ya miaka 10 kutoka kisiwa cha Islay huko Uskoti, yenye asilimia 46 na moshi mzito, ambayo kwa sasa sikushauri uikimbilie, ndugu mwuliza swali.

Chupa inayokufaa wewe ni Glenfiddich ya miaka 14 iitwayo Bourbon Barrel Reserve. Hukomaa katika mapipa yaliyotumika kwa bourbon, kisha humaliziwa katika mapipa mapya ya mwaloni wa Marekani yaliyochomwa sana, yanayotoka Kelvin Cooperage, hapo hapo Louisville unapoishi. Iweke kando ya hiyo ya miaka 12 na uzionje jioni moja. Mtengenezaji ni yule yule na kimea ni kile kile. Utamu na uzito utakaouona umezidi kwenye ya miaka 14, kwa sehemu kubwa ni kazi ya mbao mpya.

Mkaazi wa Louisville

Nimewaelewa, wakuu, na ninawashukuru. Nitaanza na bourbon ya asilimia 40 kando ya hii niliyo nayo, bila maji, kisha nitaitafuta hiyo ya miaka 14.