Honda CG125 ya 1983: nifufue kabureta yake, nifunge ya kichina, au nichukue Keihin iliyotumika?

Parachichi_Njombe (Jumatano, saa 1:12 asubuhi)

Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu kabla ya Ijumaa. Nina Honda CG125 ya 1983, aliiacha marehemu baba. Injini ni nzima, haili oili. Tatizo ni kabureta. Inawaka kiki ya tatu au ya nne, ukivuta mafuta inaitika vizuri, ukiachia tu inazima, sailensa (kunguruma taratibu bila kuvuta mafuta) hakuna kabisa. Barabarani inakwenda, kisha inaanza kukohoa na kukata.

Fundi wangu Ijumaa alfajiri anakwenda Mbeya kufuata spea na anataka hela mkononi. Amenipa njia tatu. Kununua seti ya vifaa vya kabureta ileile, yaani jeti (vitundu vya kupimia petroli), sindano na gasketi, 18,000. Au kuiweka pembeni na kufunga PZ26 mpya ya kichina, 35,000. Au kuna jamaa anachinja CG nyingine, anayo Keihin, kabureta ya Kijapani, iliyotumika, anataka 80,000 hapunguzi. Pikipiki hii ndiyo inanipeleka shambani kila siku. Nichukue ipi?

FundiKoki (saa 1:40 asubuhi)

Mungu amrehemu mzee. Ila mkuu umetuletea mgonjwa bila dalili. Plagi ukiitoa ina rangi gani? Inatoa moshi? Ikiwa imeshapata moto ukavuta choki (ya kuziba hewa), inatulia au inazidi kuzama? Ilikaa muda bila kutembea? Na huko kukata barabarani ni baada ya kilomita ngapi? Bila majibu hayo tutakuwa tunakuchagulia dawa kwa kuangalia rangi ya boksi.

Kijiwe_Mwanjelwa (saa 2:05 asubuhi)

PZ26, usisumbuke. Hizi CG za kichina tunazopakilia abiria injini yake ni mtoto wa hiyohiyo Honda, valvu zinasukumwa kwa fimbo vilevile. Flenji inakaa, kebo unairekebisha kidogo, siku hiyohiyo uko barabarani. Mimi nimefunga tatu. Jeti zake unazipata hadi duka la kijijini, ila jeti ya Keihin ya 1983 ikipotea utaisaka mwezi. Angalizo moja tu: wasikupe PZ27. Ile ni ya injini ya 150, itakunywa mafuta bure.

Mzee_wa_Fimbo (saa 3:30 asubuhi)

Kijana wangu, kabla hujatoa hiyo 35,000 nisikilize. Mwaka 2016 nilikuwa Morogoro na CG kama yako. Nikanunua kabureta mpya kwenye duka moja, boksi linang'aa. Siku ya kwanza ilitulia kama cherehani. Jioni nikailaza ndani, koki ya petroli sikuifunga, maana ile ya zamani miaka yote haikuwahi kuvuja hata tone.

Asubuhi kiki haishuki. Mguu unagota kama nimekanyaga jiwe. Nikafungua plagi, nikapiga kiki, petroli ikaruka mpaka ukutani. Nikakausha, nikawasha, nikaenda kazini. Hapo ndipo nilipoiua. Kama kilomita 15 mbele nikasikia mlio chini, ko ko ko, nikadhani ni cheni. Nilipofika nikatoa kijiti cha oili: imepanda juu ya alama, nyepesi kama chai ya rangi, inanuka petroli tupu. Sindano ya floti, ile inayozuia petroli kabureta ikishajaa, haikuwa inafunga. Usiku kucha mafuta yalishuka kwenye silinda kupitia valvu ya kuingizia, yakapita kwenye ringi, yakachanganyika na oili. Beringi ya konrodi ilikwisha. Fedha niliyounda nayo injini ingenunua Keihin tatu. Nilirudi dukani, wakaniambia kitu kikishafungwa hakirudi.

Kwa hiyo sisemi usinunue ya kichina. Nasema ukiinunua, kabla ya kuifunga, iweke wima juu ya gazeti, iunganishe na chupa ya petroli iliyoinuliwa, iache saa nzima. Gazeti likilowa, rudisha.

Kijiwe_Mwanjelwa (saa 3:51 asubuhi)

Shikamoo mzee, pole sana kwa hilo. Lakini hiyo ilikuwa sindano moja mbovu. Hata Keihin ya miaka 40 ncha ya sindano yake imeshalika, nayo itavuja. Na kufunga koki usiku ni kugeuza mkono tu.

Mzee_wa_Fimbo (saa 4:10 asubuhi)

Marahaba. La koki umesema kweli, na tangu siku ile naifunga hata nikisimama kununua vocha.

Parachichi_Njombe (saa 7:22 mchana)

Asanteni sana. Plagi imetoka nyeusi, masizi makavu kama ya chini ya sufuria ya kuni. Moshi mweusi upo nikipanda kilima. Choki: nikivuta nusu, sailensa inapatikana, inatulia kabisa. Nikiondoka nayo hivyo inakaba. Kukata ni kama kilomita 10 hivi, nikisubiri dakika kumi inawaka tena.

Nilisahau kusema, ilikaa stoo miaka minne Muheza, mafuta yakiwa ndani. Nimeileta huku mwezi wa pili kwa fuso. Baba aliitumia kulekule, haijawahi kupanda nyanda za juu.

FundiKoki (saa 7:45 mchana)

Mkuu, hayo ndiyo ungeanza nayo! Una magonjwa mawili, pengine matatu, na yanavutana.

La kwanza, ikitulia kwa choki maana yake kwenye sailensa haipati mafuta ya kutosha. Petroli ikikaa miaka inakauka, inabaki gundi, na gundi huanza kuziba jeti ndogo ya sailensa kwa sababu tundu lake halifiki hata nusu milimita. La pili, plagi nyeusi na moshi ukivuta ni mafuta kuzidi hewa huku juu. Muheza iko karibu na bahari, Njombe ni karibu mita 2,000. Hewa huko ni nyepesi, lakini jeti kubwa inapitisha karibu petroli ileile. La tatu, huko kukata baada ya kilomita 10 huenda hakuhusiani na kabureta hata kidogo. Kifuniko cha tanki kina kitundu cha kupumulia. Kikiziba, tanki linajivuta ndani, mafuta hayashuki. Siku ikikata, usiguse kitu. Fungua kifuniko kwanza. Ukisikia fyuuu na ikawaka palepale, umempata mchawi.

Chujio la hewa umeliangalia? Sponji ya 1983 iliyokaa Muheza sidhani kama bado ni sponji.

Boda_Limuru (saa 8:30 mchana)

Salamu kutoka Kenya. Hilo la mwinuko si mchezo. Mimi nilitoa yangu Mombasa nikaileta Limuru, ikawa inavuta kama imefungwa kamba. Nilishusha namba ya jeti kubwa hatua mbili, ikachangamka na mafuta yakapungua. Lakini ukiteremka tena pwani lazima urudishe, la sivyo itachemka mpaka pistoni igande.

Waya_Mwekundu (saa 9:02 alasiri)

Nyote mnashika kabureta, hakuna aliyeuliza moto. CG ya 1983 ni ya volti 6 na ina pointi, vile viunganishi vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche. Pointi zikiungua moto unakuwa dhaifu, petroli haiungui yote, plagi inakuwa nyeusi vilevile. Na kondensa, kile kinachozuia pointi zisirushe cheche, likichoka, injini ikipata joto inakata, ukisubiri ipoe inawaka. Si ndiyo maneno yake hasa? Pointi ziwe na uwazi wa milimita 0.3 hadi 0.4, na usiku uchungulie: zikirusha cheche kubwa za buluu, kondensa halina kazi. Hapo hata ukileta Keihin mpya toka Japani unapoteza hela.

FundiKoki (saa 9:20 alasiri)

Kaka Waya, moto dhaifu usingetulizwa na choki. Choki inaongeza petroli, moto dhaifu ungezama zaidi.

Waya_Mwekundu (saa 9:26 alasiri)

Kwenye sailensa nakubali. Kwenye kukata baada ya kilomita 10 sikubali mpaka apime.

DadaKiki_Iringa (saa 11:15 jioni)

Kaka Parachichi, kabla ya yote fungeni ile skrubu ndogo ya sailensa kwenye kabureta mpaka mwisho polepole, mkihesabu mizunguko, kisha muirudishe mzunguko mmoja na nusu. Mafundi wengi wameishazungusha ovyo. Ukiifungua zaidi mafuta yanaongezeka.

Kijiwe_Mwanjelwa (saa 11:31 jioni)

Dada, ukiifungua zaidi hewa inaongezeka. Mafuta yanapungua.

DadaKiki_Iringa (saa 11:40 jioni)

Inategemea ilipokaa. Skrubu ikiwa upande wa injini inatawala mafuta, ukifungua unaongeza. Ikiwa upande wa chujio inatawala hewa, ukifungua unapunguza mafuta. Yangu iko upande wa injini. Yeye aangalie yake.

Mzee_wa_Fimbo (saa 1:05 usiku)

Huyo binti anajua kazi. Nimeona mafundi wakigombana nusu siku juu ya skrubu hiyo, kila mmoja na kabureta ya aina yake mkononi, na wote wako sahihi.

Parachichi_Njombe (Alhamisi, saa 3:48 usiku)

Wakuu, leo nimefanya kazi. Mchana nilitoka kwa barabara ya Songea. Kilomita 11, ikakata. Nikafungua kifuniko cha tanki: fyuuu, nimeisikia kwa masikio yangu. Kiki mbili, ikawaka. Kitundu kilikuwa kimejaa udongo, tena mgumu, nadhani nyigu walijenga ndani. Nimezibua. Kurudi haijakata.

Jioni nimefungua bakuli la kabureta mwenyewe, juu ya beseni jeupe. Chini kulikuwa na kitu cha kahawia kama asali iliyoganda, na harufu kali ya rangi ya mlango. Jeti ndogo nimeielekeza kwenye taa: mwanga haupiti kabisa. Jeti kubwa inapitisha, lakini tundu si duara, limechongeka upande mmoja kama yai. Ukingoni kuna mikwaruzo. Mtu aliwahi kuichokonoa kwa waya. Sponji ya chujio imenivunjikia mkononi kama mkate uliokauka.

Nilipofungua kifuniko cha ubavuni nikakuta baba alikwaruza kwa msumari: D8EA. Nikaangalia plagi iliyomo, si hiyo. Ni ya pikipiki nyingine kabisa. Baba hakuwa fundi, alikuwa mwalimu, lakini aliandika.

Sasa fundi anaondoka saa 11 alfajiri na bado sijui nimpe hela ya nini.

FundiKoki (saa 3:59 usiku)

Hongera. Tundu la yai ndilo linaleta masizi, mwinuko unaongezea. Mpe hela ya seti, plagi D8EA na sponji. Mwambie jeti kubwa iwe ndogo hatua moja au mbili kuliko iliyoandikwa kwenye yako. Mwili wa kabureta uloweke usiku huu kwenye petroli safi, kesho upulize kila kijia kwa upepo wa pancha. Usiingize waya popote, tumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki.

Kijiwe_Mwanjelwa (saa 4:07 usiku)

Na seti ikija haina jeti za namba hiyo? Nyingi zinakuja na jeti moja tu, na namba yake inaandikwa tu. Mimi bado nasema PZ26, hata kama ni ya kusubirishia. Ukifika Mwanjelwa, Mbeya, nitakuonyesha duka wanalokuruhusu upime kwanza kwa chupa kama alivyosema mzee.

Waya_Mwekundu (saa 4:12 usiku)

Pointi umeziangalia?

Parachichi_Njombe (saa 4:15 usiku)

Bado kaka. Kifuniko cha magneto skrubu moja imekataa kutoka, kichwa kimeliwa.

Mzee_wa_Fimbo (saa 4:30 usiku)

Usiilazimishe kwa bisibisi. Weka bisibisi juu yake, gonga kwa nyundo mara tatu nne, ndipo ugeuze. Na ile Keihin ya 80,000, muulize huyo jamaa kama jeti zake hazijachokonolewa. Akikubali uzitazame kwenye taa kama ulivyofanya leo, mimi ningeichukua hiyo.

Boda_Limuru (saa 4:41 usiku)

Jamani, samahani kuingilia. Taa za mbele za volti 6 mnazipata wapi siku hizi? Yangu imeungua tangu Krismasi na huku naambiwa nibadilishe mfumo wote uwe wa 12.

Waya_Mwekundu (saa 4:44 usiku)

Usibadilishe. Niambie kwanza glopu ina miguu mingapi.