Tupeane uzoefu: kupeleka familia kwenye ski bila kufilisika

Mama Wawili Bochum
Habari zenu wana ughaibuni. Wanangu wamerudi na stori za darasani, sijui nani alienda kuteleza theluji na ski Austria, nani Uswisi, na mi ndo naulizwa "na sisi lini?" Jana usiku nimefungua bei nikafunga kompyuta mwenyewe bila kuambiwa. Wakubwa wawili, watoto wawili (miaka 6 na 9), hakuna hata mmoja aliyewahi kuvaa hivo vitu miguuni. Mliokwenda leteni uzoefu, wapi, mlibanaje bajeti na nini kiliwashika pabaya. Wale wa "rudini nyumbani mkalime" naomba mpite kimya kimya.

Bosi wa Boksi
Rudini nyumbani mkalime 😂

Msukuma wa Graz
Dada umenikumbusha mbali. Kila mtu anaangalia bei ya kadi ya lifti za kupandisha watu mlimani, kumbe vinavyokumaliza ni vya pembeni, kukodi ski na buti za watu wanne, mwalimu wa watoto, parking, na chakula cha kule juu ambako sahani ya chipsi na soseji unalipa umefumba macho. Sisi mara ya kwanza tuliwalipia watoto tu, wakawekwa shule ya ski, mi na mama watoto tukabaki chini na kile kigari cha mbao cha kukalia uteleze kwenye theluji, na nakuambia tulicheka kuliko walioko juu. Pale chini kwa wanaoanza kuna mkanda unaotembea wenyewe kama wa mizigo airport, una tiketi yake ya bei ndogo, usinunue kadi ya mlima mzima kwa mtu atakayeshinda anaanguka hatua chache kutoka kwenye gari.

Shangazi Malmö
Kweli kabisa. Kwa walioko Sweden msikodi kitu! Kuna Fritidsbanken, ilianza kijiji kimoja kinaitwa Deje mwaka 2013 na sa hivi iko wilaya nyingi, unaazima ski, buti, helmeti, hata vigari, siku 14 bure, hawakuulizi mshahara wala karatasi za ukaazi. Norway wana ya kwao inaitwa BUA. Nenda mapema tu, maana wiki ya likizo ikikaribia unakuta zimebaki buti za mtoto wa miaka mitatu na za jitu. Huku Skåne likizo ya shule ni wiki ya 8 ya mwaka, Göteborg ya 7, Stockholm ya 9, sasa ukiweza kwenda wiki ambayo sio ya watu wa Stockholm bei inashuka wewe mwenyewe unaona.

Mlugaluga
Nimeweka kambi hapa.

Wa_Kericho
Mi naishi Eindhoven na kila mtu hapa anaenda Austria, nikasema zii, pesa yangu haitoshi, tukaenda Bansko, Bulgaria. Ndege hadi Sofia halafu kama kilomita 160 kwa gari. Ada ya mwalimu, chakula, nyumba, kila kitu kilikuwa chini sana kuliko milima ya Alps, jioni mnakula kwa zile mehana, migahawa yao, nyama ya kuchoma mpaka unasahau uko wapi. Shida moja tu, mji uko chini mlima uko juu na gondola ya kupandisha watu ilikuwa moja, foleni ya asubuhi na watoto wenye buti nzito wanalia pipi, hapo uombe Mungu. Kuna pia treni ndogo ya reli nyembamba kutoka mji wa Septemvri, inachukua kama masaa matano, bei ya kutupa, watoto waliipenda kuliko hata hiyo ski.

Bint Muscat
Masaa matano kwenye treni na watoto?? Nyie mna moyo. Sisi tunashuka Dubai wikiendi, Ski Dubai iko ndani ya mall tangu 2005, jaketi, suruali na buti vimo kwenye tiketi, njia ndefu kabisa ni mita 400, watoto wanachoka, mnatoka mnakula biriani mnarudi Muscat. Baridi ya nini wiki nzima.

Wa_Kericho
@Bint Muscat hiyo ni friji dada yangu 😂

Bint Muscat
Friji lenye pengwini. Wewe umeona pengwini Bulgaria?

Kisiki cha Mpingo
Ngoja niwape yangu. Tirol, Austria, kituo sikitaji. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Machame, mke wangu akasema haiwezekani tumwache peke yake nyumbani na baridi hii, tukambeba. Mama huyu tangu azaliwe anaiona theluji ya Kibo mawingu yakifunguka lakini hajawahi kuikanyaga, kwa hiyo furaha yake ilizidi ya watoto. Kavaa jaketi langu, kitenge juu ya jaketi, kofia juu ya kilemba. Siku ya pili tukaenda njia ya vigari, ile ndefu inayoshuka msituni. Yeye hakupanda kitu, tulimsimamisha pembeni kabisa nyuma ya wavu awapige picha wajukuu wakishuka na simu yangu. Mi niko juu na mdogo, nashuka taratibu, nakata kona, naona wavu uko chini, kofia huku, simu kule, mama simuoni. Nikaita. Nasikia "niko huku baba" kutoka mtaroni. Kalala chali, mguu wa kulia umeangalia upande ambao mguu hauangaliagi. Kijana mmoja na kigari chake alishindwa kona akapita na wavu akambeba na mama. Kijana analia kuliko mama, mama ndo anambembeleza, "pole mwanangu, pole". Watu wa uokoaji wakaja na machela, wakautazama ule mguu, wakaongea kwenye redio, muda si mrefu nasikia mlio angani. Nikamwangalia mke wangu, na yeye akaniangalia, wote tunawaza kitu kimoja na Mungu atusamehe hakikuwa mguu. Helikopta. Nani analipa helikopta??

Naingia kazini, nikitoka shift namalizia.

Mlugaluga
Wewe!!! Mguu umeangalia pembeni halafu unaenda kazini???

Bosi wa Boksi
Kisiki huna utu kabisa

Mama Wawili Bochum
Jamani mi nilitaka bei za apartment tu, sasa nalala saa ngapi 😭

Msukuma wa Graz
Wakati tunamsubiri, dada wewe uko NRW, jimbo la Nordrhein-Westfalen, Februari hamna likizo ya maana zaidi ya zile siku mbili tatu za Karneval. Unabaki na Krismasi, ambayo bei imepaa, au Pasaka. Pasaka sio mbaya, ila chagua mahali parefu, mita 2,000 kwenda juu, chini ya hapo utakuta majani na matope. Na kuna vituo Austria mwezi wa tatu mwishoni na wa nne mtoto anapewa kadi bure mzazi akinunua ya siku sita.

Fundi Cherehani
Kwani shida iko wapi? Januari katikati bei iko chini, mwambie mwalimu mtoto ana mafua, wiki moja tu.

Shangazi Malmö
Fundi usimponze mwenzio. Ujerumani shule ni lazima kisheria na faini ipo. Bavaria polisi walishasimamisha familia airport kabla ya likizo kuanza, wanauliza huyu mtoto mbona hayuko darasani.

Fundi Cherehani
Na gari je? Nani anakusimamisha barabarani saa kumi usiku? Watu weusi mnaogopa sana sheria za wenzenu kuliko wenyewe.

Shangazi Malmö
Mtoto wa miaka 6 atamwambia mwalimu kila kitu Jumatatu asubuhi, tena na kuchora atachora.

Mzee wa Kigamboni
Hahaha hapo kwenye kuchora nimekubali.

Mama Imani, Zürich
Mi naomba niongelee tumbo, maana hapo ndo hela inapotea. Chukueni nyumba yenye jiko na mbebe chakula toka kwenu. Asubuhi uji mzito, mchana mikate na chai ya tangawizi kwenye chupa mnakula mmekaa kwenye benchi, jioni wali. Ila maharage nawaonya, tulikuwa mita kama 1,800, nimechemsha toka tumerudi mpaka watoto wamelala, yako vilevile. Kule maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, hayafiki mia, ndo maana. Yachemshieni nyumbani mgandishe.

Wa_Kericho
Mama Imani, Nairobi ni mita kama 1,800 pia na githeri inaiva kila siku. Sema ulisahau kuyaloweka.

Mama Imani, Zürich
Niliyaloweka usiku mzima kijana. Na Nairobi wanatumia makaa toka asubuhi mpaka jioni, uliza mama yako.

Wa_Kericho
Mama yangu anatumia presha kuka

Mama Imani, Zürich
Haya sasa umejijibu.

Mzee wa Kigamboni
Watu weusi na theluji wapi na wapi. Toka lini.

Wa_Kericho
Sisi Kenya toka 1998 mzee. Philip Boit, mkimbiaji, alienda kujifunzia Finland, akashindana Olimpiki ya baridi Nagano kwenye ski za kilomita 10, akamaliza wa mwisho, wa 92, na Bjørn Dæhlie aliyeshinda dhahabu alimsubiri pale mwisho akamkumbatia. Jamaa akaenda akamwita mwanawe Dæhlie. Halafu 2018 Sabrina Simader, kazaliwa Kilifi, kakulia Austria, akashuka milima Pyeongchang na bendera ya Kenya.

Bosi wa Boksi
Wakenya kwa kujisifia nafasi ya 92 😂😂

Wa_Kericho
Wewe wa Kilimanjaro ulikuwa wa ngapi?

Mlugaluga
Kisiki bado hajatoka shift tu?

Nuru wa Innsbruck
Mi nafanya usafi kwenye hoteli za huko huko kwenye ski, ngoja niseme ninachokiona. Familia nyingi za kwetu zinakuja na jinzi na soksi mbili za pamba, jinzi likilowa hilo likizo limeisha. Vaeni nguo ya kubana ndani isiyo pamba, sweta, halafu kitu kisichopitisha maji. Vya watoto nunueni mitumba, miji mingi Ujerumani na Austria mwezi wa kumi na wa kumi na moja kuna soko la vifaa vya ski vilivyotumika, Skibasar, mtoto anakua kila mwaka vya dukani vya nini. Glavu chukueni pea za akiba. Na mafuta ya jua! Msiniambie sisi weusi hatuungui, theluji mpya inarudisha mpaka asilimia 80 ya ile miale, nimeona mbaba wa Kisomali midomo imepasuka hawezi kunywa chai.

Fundi Cherehani
Vaselini inatosha.

Nuru wa Innsbruck
Haitoshi, haizuii jua.

Kisiki cha Mpingo
Nimetoka. Haya.

Wanampandisha mama, amefungwa kwenye machela macho tu yanaonekana, kabla hawajafunga mlango ananiita, nikasogea nikijua ananiachia wosia. Ananiuliza "baba, hii nauli umeshalipa?" Nikamwambia nimelipa mama, nenda salama. Wakapaa naye.

Hospitali ya bondeni wakamfanyia operesheni usiku ule ule, akawekewa chuma. Mimi na mke kwenye korido tunapiga hesabu. Kilichotuokoa ni viza. Mnajua mtu akiomba viza ya Schengen lazima awe na bima ya angalau euro 30,000, tulimkatia ya bei ya chini kabisa ili mradi ubalozi ukubali, hiyo ndo ikalipa hospitali. Ila helikopta, euro elfu nne na ushee, wakagoma. Wakaandika barua, je mgonjwa alikuwa anashiriki michezo ya majira ya baridi? Maana hiyo hawailipii. Nikawajibu mgonjwa ana miaka 72 na alikuwa anapiga picha. Wakataka ushahidi.

Sasa siku ile kulikuwa na polisi wa milimani walifika wakapima ile kona, wakachukua jina la kijana na la mzungu mmoja aliyeona kila kitu, mi wakati ule niliona wananipotezea muda. Ile karatasi ndo ikawa dhahabu. Kijana kwao Ujerumani, baba yake ana Haftpflicht ya familia, yaani bima ya kumlipa mtu uliyemdhuru, na sheria ya kule mlimani anayetoka juu ndiye anatakiwa kumwangalia wa chini. Tukaandikiana barua miezi, mwisho bima ya yule baba ikalipa helikopta yote, na juu yake wakampa mama hela ya maumivu. Mama kamalizia banda la ng'ombe. Na profile yake mpaka leo ni picha ya helikopta.

Mlugaluga
Yani katika uzi mzima aliyepata faida kwenye ski ni mama mkwe peke yake 😂😂😂

Bosi wa Boksi
Nyuma ya wavu ni upande gani, namtuma wa kwangu

Mama Imani, Zürich
Bosi we mshenzi. Kisiki mpe mama pole zetu.

Msukuma wa Graz
Watu msicheke mkasahau, mama aligongwa. Angeanguka mwenyewe, au angekuwa ni Kisiki anaishi huku, bima ya kawaida ya Austria hailipi helikopta kwa ajali ya michezo, bili unaletewa wewe. Jiungeni Alpenverein, chama cha wapenda milima, ada ni ya mwaka na ndani yake kuna bima ya uokoaji. Uswisi mnawajua Rega, wale wa helikopta za uokoaji, simu 1414, kwao unachangia kila mwaka. Italia bima ya kumgonga mtu ni lazima tangu 2022, na helmeti sasa ni kila mtu sio watoto tu.

Fundi Cherehani
Kadi yangu ya benki ina bima ya safari, sihitaji hayo.

Msukuma wa Graz
Umesoma yale maandishi madogo kama na ski imo?

Fundi Cherehani
...ntasoma

Mama Wawili Bochum
Asanteni, nimecheka nimeogopa yote kwa pamoja. Naona Krismasi hii tutaanza na Winterberg, tunaenda asubuhi tunarudi jioni, tuone kwanza kama kuna anayeipenda. Wakiipenda Pasaka tunaangalia mahali parefu. Baba yao kashasema yeye anakaa kwenye gari.

Nuru wa Innsbruck
Winterberg nenda siku ya kazi, wikiendi Waholanzi wote wako huko. Na watoto waambie wafanye pizza, ncha za ski zikutane mbele, ndo breki yao.

Wa_Kericho
Sisi Waholanzi weusi tutakuwepo pia, tutafuteni, tutakuwa ndo wale tumelala chini.

Mlugaluga
@Wa_Kericho kule Bansko foleni ya gondola mlifika saa ngapi?

Wa_Kericho
Saa mbili asubuhi na bado tulikuta watu. Nenda saa moja u nusu, mmoja apange foleni, mwingine abaki na watoto wavae buti pole pole.