Gia ya pili inachomoka: mazungumzo ya kikundi cha familia, Moshi

Eliya: Shikamooni wazazi wangu, na habari za jioni kwa ndugu wengine. Ninaomba ushauri kuhusu pikipiki. Siku hizi, kila ninapopanda Kibosho nikiwa na mzigo, gia ya pili inachomoka yenyewe: injini inalia ghafla, nguvu inakatika, na wakati mwingine taa ya frii (yaani hakuna gia iliyoingia) inawaka ilhali sijagusa kitu. Fundi mmoja hapa mjini ameniambia ninunue plati za klachi. Je, nimsikilize?

Baba Mdogo: Marahaba, mwanangu. Usinunue plati kwanza, kwa sababu unayoyaeleza si dalili za klachi. Klachi ikiteleza, gia hubaki mahali pake. Injini hupandisha sauti huku mwendo ukiongezeka kwa shida, na ukipunguza mafuta hushika tena. Gia ikichomoka, injini na gurudumu hutengana kabisa, na hata ukipunguza mafuta hairudi mpaka uiingize upya kwa mguu. Niambie jambo moja: inachomoka unapovuta mafuta au unapoyaachia?

Eliya: Ninapovuta, Baba Mdogo, na hasa mlimani. Gia ya tatu, ya nne na ya tano hazina tatizo lolote.

Baba Mdogo: Basi ninashuku sana vidole vya gia yenyewe. Ndani ya giaboksi ya pikipiki kama yako, gia zimeumana muda wote, jozi kwa jozi. Unapokanyaga pedali, uma ya chuma husukuma gia moja kando juu ya shafti yake, mpaka vidole vinene vilivyo ubavuni mwake viingie katika matundu ya gia jirani. Vidole hivyo vikiwa vizima huwa na kingo kali, na mara nyingi huchongwa kwa mwinamo mdogo ili nguvu ya injini izidi kuvivuta vishikane. Kona zake zikishaliwa na kuwa mviringo, nguvu ile ile huvisukuma nje. Ndiyo maana unaona tatizo kwenye mlima wa Kibosho, wala si kwenye tambarare ya Majengo.

Mama Neema: Shemeji, nimesoma kwa makini, na mimi kinachonitia hofu ni usalama. Eliya humpeleka Neema shuleni asubuhi kwa pikipiki hiyo hiyo. Je, gia ikichomoka wakati wa kuteremka itakuwaje? Na kwa nini iwe ya pili peke yake?

Baba Mdogo: Hofu yako ni ya haki kabisa, shemeji. Wakati wa kuteremka, injini ndiyo inayosaidia breki kuzuia mwendo. Gia ikitoka, mzigo wote unabaki kwenye breki, na pikipiki inaongeza kasi ghafla dereva asipotarajia. Ninaomba Neema apande daladala mpaka jambo hili litengenezwe.

Kuhusu gia ya pili: pikipiki ya Eliya ina ya kwanza chini na nyingine zote juu, kwa hiyo kutoka ya kwanza kwenda ya pili lazima mguu uvuke frii. Dereva akiinua pedali nusu nusu, vidole hugusana kwa ncha tu badala ya kuzama, kisha mafuta yakivutwa, ncha hizo husagana. Kila mlio wa «kaka-kaka» unaousikia hapo ni chuma kinachoondoka.

Eliya: Wenzangu kijiweni wanasema niishikilie pedali kwa mguu ninapopanda, nayo haitatoka.

Baba Mdogo: Hapana, Eliya, na katika hili sitakuwa laini. Ukishikilia pedali, unaibana uma dhidi ya gia inayozunguka kwa kasi. Uma inapata moto, inaliwa, na mwisho inapinda. Tatizo lililokuwa la gia linakuwa la gia na uma pamoja. Hata kupumzisha kidole cha mguu kwenye pedali ukiwa barabarani ni tabia ya kuacha.

Badilisha gia hivi: weka mguu chini ya pedali na uiinue kidogo tu mpaka uhisi imekaza, funga mafuta na bonyeza klachi kwa wakati mmoja, kisha inua pedali kwa nguvu ya kutosha mpaka iishie kabisa. Achia klachi kabla hujavuta mafuta mengi, ndipo uondoe mguu. Tendo lote ni la haraka, lakini lazima likamilike.

Mama Neema: Je, hakuna kitu cha nje cha kukagua kabla ya kupasua injini? Kupasua injini ni gharama.

Baba Mdogo: Kipo, na ndiko tutakakoanzia. Waya wa klachi ukilegea sana, klachi haiachii yote na gia haiingii hadi mwisho. Ncha ya mkono wa klachi iwe na mchezo, yaani isogee bure kabla ya kuanza kuvuta waya, wa milimita 10 hadi 20 hivi. Pedali nayo ikigonga kava ya injini kwa sababu ilipinda pikipiki ilipoanguka, au meno yake ya kwenye shafti yakiwa yameliwa, mguu utadhani umemaliza kazi kumbe bado. Kisha tumwage oili kwenye sahani nyeupe. Unga mwembamba wa kijivu haunisumbui. Vipande vinavyong'aa vyenye kona vikinaswa na sumaku, hapo injini ishushwe. Tukijaza, iwe oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, yaani oili isiyofanya klachi iteleze, kwa sababu klachi yako inaoga katika oili hiyo hiyo.

Vitu vya nje vikiwa vizima, tutapasua, na gia zilizoliwa zibadilishwe zote mbili zinazoshikana, si moja. Uma tutaipima pia.

Eliya: Nimeelewa. Nitaacha kubeba mizigo ya mlimani kuanzia kesho, na Jumamosi asubuhi nitakuletea pikipiki hapo Majengo.

Baba Mdogo: Njoo saa mbili, injini ikiwa bado na joto, ili oili itoke vizuri.

Mama Neema: Asante, shemeji. Nauli ya daladala ya Neema nitaitoa mimi.