Tupeane uzoefu: tangazo la chuo lilikufikiaje, na lilikukuta wapi?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu mliosoma na mnaosoma vyuo vya Uganda, iwe Makerere, Kyambogo, Gulu, Mbarara, Busitema, Mbale au Kansanga, leo naomba tuzungumze matangazo. Nasema matangazo ya chuo: mwisho wa usajili ni lini, ratiba ya mtihani imebadilika, majina ya watakaohitimu yametoka, njoo uhakiki alama zako.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mdogo wangu kuripoti mwaka wa kwanza. Tulipita mbele ya ubao wa matangazo wa fakalti. Karatasi juu ya karatasi, zimebandikwa kwa gundi, nyingine zimepigwa jua mpaka wino umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Tangazo la muhula uliopita limefunika nusu ya tangazo la muhula huu. Kijana mmoja alikuwa amechuchumaa, anainua pembe ya karatasi kwa ukucha asome iliyo chini yake. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Kaka, nimesikia orodha ya wanaorudia somo imetoka. Sijui iko wapi."

Nilishindwa kuondoka pale. Mimi nilipoteza mwaka mzima kwa karatasi kama ile. Chuo sikitaji. Nilikuwa nimeanguka somo moja, na anayeanguka lazima ajiandikishe upya kulirudia muhula ambao somo hilo linafundishwa. Tangazo lilibandikwa Jumatatu, mwisho ukawa Ijumaa. Wiki hiyo mimi niko Tororo, tunamzika bibi. Niliporudi Jumanne iliyofuata dirisha limefungwa, na somo lile hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Wenzangu wakavaa joho, mimi nikabaki. Mama alikuwa ameshawaambia majirani, na beberu wa sherehe alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba tangu Pasaka. Ilibidi nimpigie simu na kumwambia amfungue. Hadi leo nakumbuka kimya chake kwenye ile simu.

Kwa hiyo tupeane uzoefu. Lilikufikiaje, nani alikuletea, ukafanya nini? Chuo kilichokuumiza usikitaje, simulia tukio lenyewe.

Binti Arua

Pole sana kaka, hasa kwa bibi. Tangazo langu lilikuja kama picha kwenye simu.

Mnakumbuka vyuo vilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Mimi nilikuwa nimemaliza Makerere, niko nyumbani Arua nangojea transkripti yangu, ile hati ya alama zangu zote. Jumapili tarehe 20 Septemba, asubuhi kabla ya chai, kaka yangu akanigongea dirisha na kunionyesha simu. Jengo Kuu limeungua usiku. Lile jengo jeupe la mwaka 1941 ambalo kila mgeni wa Kampala hupigia picha mbele yake, paa lote limekwenda, madirisha yamebaki mashimo meusi. Ofisi za msajili na za fedha zilikuwa mle ndani. Nilikaa chini kwenye baraza. Miaka mitatu ya maisha yangu niliiona iko kwenye ule moshi.

Habari zilizofuata zilikuwa za kila namna, kila kikundi cha WhatsApp na lake. Mmoja anasema kumbukumbu zote zimeteketea, mwingine anasema hapana, zipo kwenye kompyuta. Nilikuwa silali. Aliyenituliza ni mwenzangu niliyekuwa nakaa naye hosteli moja Kikoni. Alitembea kwa miguu mpaka chuoni, akauliza mwenyewe, akanipigia: "Dada, nimeuliza. Ngoja, usiamini mtu." Hakuwa na jibu kamili, lakini alikuwa amekwenda. Transkripti niliipata baadaye. Jengo lilipofunguliwa tena mwaka 2024 nilisafiri kutoka Arua nikalione kwa macho yangu, na yeye nikamkuta ananingojea pale kwenye ngazi.

Mzee wa Masindi

Vijana, nawasoma kwa makini. Niwape ya zamani kidogo.

Mwaka 1988 mtu hakuomba nafasi kwenye simu. Ulifanya mtihani wa kidato cha sita, ukarudi kijijini, ukalima. Majina ya waliochaguliwa na serikali yalitoka gazetini na kubandikwa chuoni. Sisi Masindi gazeti lilitufikia likiwa na umri wa siku mbili, likipatikana. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ndugu yake alikuwa akifanya kazi Kampala. Akaliona jina langu, akalizungushia wino mwekundu, akampa gazeti kondakta wa basi.

Basi lilisimama karibu na magharibi. Kondakta akatoa kichwa dirishani akapaza sauti: "Mtoto wa mwalimu yuko wapi?" Tulikuwa watoto wa walimu watatu pale stendi. Wote tukakimbia. Akalifungua gazeti mbele yetu, akasoma jina. Wale wawili wakanibeba mabegani hadi nyumbani, nao wamekosa. Mmoja wao sasa ni marehemu. Sijapata kusahau kwamba alinibeba.

Mwakilishi wa darasa

Mzee, heshima kwako. Hiyo ya kondakta imenigusa kwa sababu mimi nimekuwa kondakta wa namna hiyo kwa miaka mitatu.

Nilichaguliwa kuwakilisha darasa mwaka 2018, ule ule ambao kodi ya mitandao ya kijamii ilianza mwezi Julai, shilingi 200 kwa siku. Watu wazima wanaweza kuiona ndogo. Kwa mwanafunzi anayekula kikomando mara moja kwa siku, chapati na maharagwe basi, si ndogo. Wengine waliweka VPN, programu ya kukwepa kodi hiyo, wengine wakawa wanafungua WhatsApp Jumapili tu. Nikatuma tangazo la mtihani Jumatano, siku ya mtihani watu kumi na moja hawapo. Hawakuwa wazembe.

Baada ya hapo nilinunua daftari la kurasa 96. Nikaandika kila mtu: namba ya simu ya kawaida, hosteli, chumba, na jina la mtu anayekaa karibu naye. Ukurasa mmoja kwa kila mtaa, Banda, Kireka, Nakawa, Ntinda. Tangazo likitoka, napiga simu nne tu, na kila mmoja wa wale wanne anapita milango ya kwao.

Daftari hilo ndilo lililotuokoa Januari 2021. Intaneti ilikatwa jioni ya tarehe 13, kesho yake ni uchaguzi mkuu, ikarudi tarehe 18. Sisi tulikuwa na kazi ya kupakia mtandaoni, mwisho Ijumaa tarehe 15. Mnaweza kufikiria hofu ile. Wengi wako kwao, Soroti, Kasese, Masaka. Mwenzetu mmoja wa Busia alikuwa anashika mtandao wa Kenya kutoka nyumbani kwao, akapakia yake na akajitolea kwa wengine, lakini watamtumiaje faili bila intaneti? Nikampigia mwalimu wetu simu ya kawaida, saa tatu usiku. Akasema, "Waambie muda umeongezwa, wasihangaike." Nikafungua daftari. Nilimaliza kupiga simu saa saba na nusu za usiku. Wa mwisho alikuwa dada mmoja wa Kasese. Akapokea, nikamwambia, akaanza kulia. Alikuwa amepanga alfajiri apande boda hadi mpakani akatafute mtandao wa Kongo.

Mkongomani wa Kansanga

Asante kwa mada hii. Mimi natoka Bunia. Kwetu tulisoma kwa Kifaransa, nyumbani tunaongea Kiswahili, nikaja Kampala kusoma kwa Kiingereza. Darasani nilivumilia, kwa sababu mwalimu akiongea nawasha kinasa sauti, narudia usiku. Tangazo halirudiwi. Liko ukutani, lina maneno ya ofisi, watu wanasoma na kwenda zao.

Mwaka wa kwanza nilifika mlangoni mwa chumba cha mtihani bila kibali cha mtihani. Kumbe tangazo la kwenda kukichukua lilikuwapo wiki mbili. Nililisoma! Nilidhani linahusu wanaomaliza.

Dada mmoja wa Kakamega, yuko mwaka wa tatu, aliniona nimekaa nje. Tangu siku ile, kila tangazo likitoka alikuwa anarekodi sauti kwa Kiswahili, dakika moja. Kila mara utaratibu ule ule: hili linamhusu nani, mwisho lini, nenda ofisi ipi, beba nini. Alianza kunitumia mimi peke yangu. Alipomaliza chuo tulikuwa watu zaidi ya arobaini tunamsikiliza, Wakongomani, Warundi, Watanzania, hata Waganda wa Koboko. Sasa narekodi mimi. Mwaka 2022 mwezi wa saba Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Nilifurahi sana. Natamani sana kusimama mbele ya ubao wa chuo siku moja na kukuta hata mistari minne ya Kiswahili chini ya ile ya Kiingereza.

Mama wa wawili

Fupi tu, mzazi. Nilipokea ujumbe wenye nembo ya chuo: mwanao amepata nafasi, tuma 150,000 kwa namba hii ya simu kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi inakwenda. Nilikuwa nimeshaanza kubonyeza. Binti yangu akanishika mkono. "Mama, karo ya chuo cha serikali inalipwa kwa PRN, namba maalumu ya malipo inayotoka kwenye akaunti yangu ya chuo, haitumwi kwa simu ya mtu." Wazazi wenzangu, haraka hizo za jioni jioni zenye saa ya mwisho ziogopeni.

Niko upande wa ofisi

Nimesoma yote, na nimesita kuandika. Mimi ni katibu muhtasi katika idara, miaka kumi na minne sasa. Mimi ndiye ninayebandika hizo karatasi.

Kaka uliyepoteza mwaka, nisamehe, hata kama haikuwa idara yangu. Niwaambie inavyokuwa. Uamuzi unatoka juu una tarehe yake ya mwisho. Unakuja kwa mkuu wa kitivo, hayupo, yuko mkutanoni. Akirudi anaweka sahihi, unakwenda kwa mkuu wa idara, naye anaandika pembeni "tafadhali bandika". Ukinifikia mimi siku zilizobaki ni nne. Nikienda ubaoni sina nafasi, na kuondoa karatasi za wengine siruhusiwi, kwa hiyo nabandika juu.

Tangu mwaka juzi ninafanya mambo mawili bila kuagizwa na mtu. Pembeni mwa kila tangazo naandika kwa kalamu nyekundu siku nilipolibandika na siku ya kulitoa. Halafu nawapigia wawakilishi wa madarasa kabla sijatembea kwenda ubaoni. Mwakilishi, ninaomba unieleze vizuri hilo daftari lako. Kurasa zimepangwaje?

Mwakilishi wa darasa

Dada, asante kwa kujitokeza. Kushoto jina na simu, katikati hosteli na chumba, kulia "jirani yake nani". Safu ya mwisho iache wazi uweke alama ukishampata. Hiyo safu ndiyo muhimu kuliko zote.

Mwanzisha mada

Dada wa ofisi, sina kinyongo kabisa, na nimekusoma mara tatu. Mdogo wangu ameshanunua daftari, ameanza na watu wa hosteli yake. Mzee wa Masindi, lile gazeti lipo bado?

Mzee wa Masindi

Lipo. Limekatika pale lilipokunjwa, lakini wino mwekundu bado unaonekana.