Mwezeshaji akija tunanyamaza, asipokuja tunapeana pole: tufanyeje?

Mwalimu wa Hisabati (swali)

Ndugu walimu, habari za kazi. Ninaratibu vikao vya jumuiya ya kujifunza katika shule yetu ya msingi chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Tunapokuwa peke yetu, mwenzetu akieleza somo lililomshinda, tunampa pole, tunalaumu wingi wa wanafunzi, kisha tunafunga kikao. Anapokuja mwezeshaji kutoka nje, yeye huzungumza saa nzima huku sisi tukiandika, na hakuna anayethubutu kutaja linalomshinda. Je, nani amsikilize nani, na utaalamu wa mgeni uingie wakati gani?

Mkufunzi Mstaafu

Mwalimu, kosa la mwezeshaji huyo nimelifanya mwenyewe kwa miaka mingi: nilikuwa nikifika shuleni na mada yangu mkononi kabla sijajua walimu wanahangaika na nini. Siku moja mwalimu wa Darasa la Sita alilalamika kwamba wanafunzi wake wanashikilia kuwa 0.35 ni kubwa kuliko 0.4, naye aliamini dawa ni kuongeza mazoezi. Nilikuwa tayari kumchorea chati ya thamani ya nafasi papo hapo, lakini mwalimu mkuu akaniomba nikakae kwanza nyuma ya darasa. Huko nikamsikia mwalimu akisoma "sifuri nukta thelathini na tano", kisha "sifuri nukta nne". Mtoto aliyesikia thelathini na tano kando ya nne angejibu nini kingine? Walimu wote wa shule ile walisoma hivyo hivyo, ndiyo maana vikao vyao havikuligundua. Nisingesikiliza nisingelijua, lakini pia nisingekuwa nimekutana na makosa ya desimali mara nyingi, lingenipita sikioni. Tulikubaliana kusoma "nukta tatu tano". Chati ikafuata baadaye.

Msomaji wa Elimu Linganishi

Shikamoo mkufunzi. Huko Japani, katika utaratibu uitwao jugyō kenkyū, mwalimu mmoja hufundisha huku wenzake wakiwatazama zaidi wanafunzi kuliko yeye. Katika majadiliano yanayofuata, kwa kawaida mwalimu aliyefundisha huanza kusema, wenzake hufuata, na mtaalamu mwalikwa hutoa maoni mwishoni. Naona mpangilio huo unamlazimu mtaalamu kujibu yaliyosemwa na kuonekana, badala ya kusoma hotuba aliyoiandaa nyumbani.

Mwalimu wa Fizikia

Naomba kutofautiana kidogo. Kuna makosa ya maudhui ambayo hayaondolewi kwa upole. Walimu kumi wanaoamini kwamba mkondo wa umeme hupungua kila unapopita kwenye balbu katika sakiti ya mfululizo wanaweza kusikilizana muhula mzima na bado wakabaki na imani hiyo; hapo mtaalamu aseme waziwazi, na aseme siku hiyo hiyo, kwa kuwa kesho yake kuna kipindi.

Jambo la pili, naona ukimya wa walimu wako umeelezwa kana kwamba ni haya tu. Mara nyingi mgeni mwenyewe ni Afisa Elimu Kata au mthibiti ubora wa shule, na akitoka hapo anakwenda kuandika taarifa. Mwalimu mwenye akili timamu hafungui kidonda chake mbele ya mtu anayemtathmini, hata mtu huyo awe msikilizaji hodari kiasi gani.

Mwalimu wa Hisabati

Nashukuruni nyote. Hilo la taarifa sikuwa nimelifikiria, na kwa kweli ndilo lililokuwa likininyamazisha hata mimi. Nitamwomba Afisa Elimu Kata tukubaliane kwamba yanayosemwa katika kikao hayaingii kwenye taarifa ya mwalimu yeyote, na kwamba mwezeshaji aingie darasani kabla ya kikao, azungumze mwisho, isipokuwa pale anapokuta kosa la maudhui. Somo la kwanza litakuwa langu, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kwa sababu wanafunzi wangu bado wananiandikia kwamba nusu ukijumlisha na theluthi unapata mbili ya tano, nami nimekwisha kueleza kwa kila njia niijuayo.