Tupeane uzoefu: mlihamia Mombasa na mtoto mdogo, mlichagua vipi mtaa na shule?

Mama PP1
Hamjambo wapendwa. Mume wangu amehamishiwa kazi bandarini Kilindini, tunashuka Disemba kutoka Nakuru na binti yetu wa miaka minne. Januari anaingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Kila ninayemuuliza ananitajia shule, hakuna anayeniambia nikae wapi. Nyali wanasema ghali, Kiembeni mbali, na Likoni nikiitaja wananicheka. Shemeji yangu aliye Marekani anasema kwao anwani ya nyumba ndiyo huamua shule ya serikali atakayosoma mtoto. Huku kwetu unaweza kulala Changamwe na mtoto akasoma Nyali, mradi apate nafasi na wewe uwe na nauli. Waliopitia haya mnisaidie. Siombi majina ya shule, naomba kujua mlivyoamua.

Baba wa Likoni
Wanaocheka waache wacheke. Mimi kazi yangu iko mjini na nakaa Likoni kwa raha zangu. Nyumba ina uwanja, ina kisima, kodi yake kisiwani ningepata chumba na sebule tu. Sharti langu lilikuwa moja: mtoto havuki feri kwenda kisiwani. Nivuke mimi, nibanane mimi pale kwenye njia ya waenda kwa miguu, lakini shule yake iwe upande anaolala. Majirani zangu wapo wanaopeleka watoto kisiwani. Feri moja ikienda matengenezo, jioni unawaona watoto wa chekechea wamesinzia begi mgongoni, kiguu na njia tangu alfajiri.

Mtu atasema kuna barabara ya Dongo Kundu. Ni kweli, mwenye gari anazunguka akatokea Miritini bila kugusa feri. Lakini Miritini si mjini, bado una Changamwe na Makupa mbele yako, na mafuta unanunua wewe.

Mtwapa Kwetu
Mimi nilikuta nyumba imeshalipwa na mwajiri, ikawa kutafuta shule tu. Jambo ambalo wageni hawaambiwi: ukivuka daraja la Mtwapa umeshatoka kaunti ya Mombasa, uko Kilifi. Kwa mtoto wa PP1 hilo lina uzito, maana chini ya katiba ya 2010 elimu ya chekechea iko mikononi mwa kaunti, na shule ya msingi iko chini ya serikali kuu. Unaweza kukuta ua mmoja, lango moja, mwalimu wa PP2 ni wa kaunti na wa Gredi ya 1 mlango wa pili ni wa TSC, tume ya kitaifa ya kuajiri walimu. Nilipokuwa na shida ya chekechea nilianza kwa mwalimu mkuu, naye akanielekeza kwa watu wa kaunti. Basi jua mapema unaingia kaunti gani.

Na hiyo barabara ya kutoka Mtwapa kuja mjini, tangu waanze kuipanua, usiipime Jumapili mchana ukadhani umeipima.

Ummu wa Kibokoni
Mbona hakuna aliyetaja chuo, yaani madrasa? Kwetu sisi shule ni nusu ya hesabu. Mtoto akitoka shule anakula, anabadilisha nguo, anaingia madrasa. Shule ikiwa mbali, chuo kinakufa, au mtoto anafika hoi na kulala juu ya juzuu. Ndiyo sababu wengi wetu tunabanana Mji wa Kale na Majengo ilhali nyumba zenye hewa ziko ng'ambo. Dada yangu amekwepa hayo kwa kumpeleka wake shule inayofundisha yote mawili chini ya paa moja. Karo inauma, lakini saa kumi mtoto yuko nyumbani anacheza.

Hata kama wewe si Muislamu, mama, uliza ratiba ya Ijumaa na ya Ramadhani. Shule nyingi hapa hubadilisha saa, na wewe utakuwa kazini.

Kutoka Nairobi
Wangu alifika na Sheng yake. Siku ya kwanza akamsalimia mwalimu "niaje". Darasa zima kimya! Sasa ananisahihisha mimi, na shikamoo hazikauki mdomoni.

Mimi niliangalia kivuli. Sitanii. Kuna shule binafsi zimekodi nyumba za kuishi, paa la mabati, uwanja wa saruji, mti hata mmoja hakuna. Nenda Machi saa saba mchana uingie darasani ukae. Uliza maji ya kunywa yanatoka wapi siku mfereji ukikauka, maana utakauka.

Mwalimu wa Gredi ya 1
Mama PP1, miaka minne ni sawa kwa PP1, na Gredi ya 1 ataingia akiwa na sita. Beba cheti cha kuzaliwa, halisi na nakala. Wenye watoto wakubwa ndio wenye kazi: shule ya zamani lazima imwachilie mtoto kwenye mfumo wa wizara ndipo ya huku impokee. Nina mwanafunzi aliyekaa muhula mzima bila kuhamishwa kwa sababu shule ya bara ilikuwa inadai karo. Malizeni madeni kabla hamjafunga mizigo.

Mama PP1
Asanteni sana, nimeandika yote. Mzee anatangulia kuangalia nyumba Ganjoni na Tudor, na nimemwambia shule azitembelee asubuhi, saa ya kupeleka watoto. Anayejua vyumba viwili Ganjoni vinakwenda kwa ngapi sasa anishtue.

Baba wa Likoni
Na Likoni je?

Mama PP1
Mzee kakataa kuvuka.